Kituo cha mafuta kwenye mlango wa kartie (mtaa): anzeni na kadastri

Mama wa Kampemba, Lubumbashi (Kongo), jambo. Unasema mwenye pesa anataka kujenga kituo cha mafuta na maduka pale pale penye barabara yenu moja ya kuingilia, na vijana wanataka kuubomoa ukuta wake usiku.

Vijana wazuieni leo. Ukuta ukianguka, washitakiwa mtakuwa ninyi.

Nendeni kadastri, ofisi ya viwanja, muulize lupango ule (kiwanja kile) umeandikwa kwa jina la nani, na tangu tarehe gani. Hiyo tarehe msiichezee. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, cheti cha kuandikishwa kiwanja kikishapita miaka 2 bila kupingwa mahakamani ni vigumu sana kukitikisa. Kwetu tulikuja kujua tumechelewa, na mpaka leo inaniuma. Kama cheti cha huyo mwenye pesa bado kichanga, tafuteni wakili wiki hii.

Halafu barua ya pamoja kwa burugumesta, mkuu wa komini yenu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinawapa haki hiyo, na mkubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Ombeni kuonyeshwa ruhusa yake ya kujenga na uchunguzi wa mazingira unaotakiwa na sheria ya Julai 2011. Msijaze hasira. Elezeni mfereji: mvua ya Novemba hadi Machi ikinyesha, maji yatapita wapi? Mgonjwa akizidiwa usiku, gari litatokea wapi? Tieni picha. Nakala yenu irudi na muhuri wa kupokelewa, mama, bila huo watasema hawakuiona.