Dawa za baipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana): kwa nini mtu anaacha

Mdogo wangu alikuwa ameshatulia, sasa dawa ametupa chooni anasema amepona. Huu si ukaidi? (Dada, Kondele)

Hapana dadangu. Akitulia haoni tena haja ya kumeza, na kumbe ametulia juu ya hizo dawa. Alafu kuna kitu watu wa nyumbani hawapendi kuskia: ugonjwa ukipanda wengine wanajiskia poa sana, mtu halali lakini hachoki, anapiga stori na kila mtu pale sokoni Kibuye, ananunua vitu kwa deni, ana mipango kibao, so dawa ikimshusha anaona mmemnyang'anya maisha. Na wengine ugonjwa wenyewe ndio unawazuia kuona kwamba ni wagonjwa. Kumfokea hakusaidii. Ngoja atulie kidogo umuulize, hizi dawa zinakusumbua wapi? Sikiza, alafu mwende kliniki pamoja wiki hii, hasa kama ni lithiamu, juu kuikata ghafla ndiyo inarudisha ugonjwa haraka, hata kama ni ya kuachwa daktari anaipunguza polepole.

Natumia lithiamu. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika mbele ya wageni, kiu haiishi, usiku naamka kukojoa. Nivumilie tu? (Mwalimu, Kakamega)

Pole sana mwalimu. Usivumilie kimya na usiache kimya. Mweleze daktari vile umenieleza, hadi hiyo ya chai, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa ama dawa ikabadilishwa. Damu ipimwe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hivyo kama unameza usiku, asubuhi ya kipimo usimeze lithiamu mpaka watoe damu. Kiwango cha lithiamu kwa damu, wengi wanatakiwa wawe kati ya 0.6 na 1.0 (mmol/L). Figo na thairodi (tezi ya shingoni) nazo zinaangaliwa kila miezi 6 hivi.

Na hii naomba uishike: mgongo ukiuma usinunue brufeni wala diklofenaki, zinapandisha lithiamu kwa damu. Kuhara, kutapika na jua kali bila maji pia. Ukianza kutapika, kuyumba ukitembea, ulimi uwe mzito, lithiamu inaweza kuwa imezidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kliniki wanasema dawa zimeisha ninunue nje, na hata fare ya kutoka Siaya nimekopa. (Mama wa watoto watatu)

Mama, wewe hujaacha dawa, umekosa pesa, na hiyo useme wazi pale kliniki bila aibu. Waulize kama dawa zikifika wanaweza kukupatia za miezi miwili, na kama kuna dawa ingine ya bei ya chini. Piga simu kabla zako hazijaisha, wiki moja mapema.

Mke wangu anameza valproeti na tunataka mtoto. Aache? (Baba, Nakuru)

Asiache leo kwa uamuzi wenu, lakini pia msitafute mimba kwanza. Valproeti inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni, na madhara huanza wiki za kwanza kabisa, mara nyingi mama hata hajajua ana mimba. Tumieni mpango wa uzazi mpaka daktari amhamishie dawa ingine. Kama tayari amekosa hedhi, nendeni kesho asubuhi, na dawa aendelee nayo mpaka mfike.