Kukesha na maiti kabla ya kuzikwa

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Baba yetu alifariki usiku, baada ya Isha. Kaka yetu mkubwa yuko Maskati, akataka tumsubiri siku mbili aje amzike. Usiku ule tulikesha na maiti, wanawake wakisoma Yaasin kwa zamu. Ami yetu akasema tunafanya bid'a, yaani uzushi katika dini. Shangazi akasema maiti akiachwa peke yake shetani humchezea, akamwekea mkasi tumboni. Tulizika kesho yake adhuhuri, na mpaka leo kaka hasemi nasi. Tulikosea?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Inna lillahi wainna ilayhi raajiun. Allah amghufirie mzee wenu na aipanue kaburi yake.

Naanza na la kaka, maana hilo ndilo lililoacha kidonda. Hamkumkosea. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba jeneza liharakishwe: akiwa ni mwema, mnampeleka kwenye kheri; akiwa si hivyo, ni shari mnayoitua shingoni mwenu. Kufa usiku na kuzikwa adhuhuri si kuchelewa, kwani kuna kuosha, kukafini, kuchimba kaburi na kungoja watu wa kumswalia. Hata usiku ungefaa kama kila kitu kiko tayari, Abu Bakar (r.a.) alizikwa usiku, kabla hakujapambazuka. Wanazuoni wetu wa Kishafi wameruhusu kumngoja walii, yaani jamaa mwenye haki ya kumsimamia maiti, aliye karibu, maadamu hakuhofiwi maiti kubadilika. Siku mbili kumngoja mtu aliye ng'ambo ya bahari ni jambo jingine, na mimi siwezi kuwaambia mngefanya hivyo.

Naye kaka hajafungiwa mlango. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, Masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipojua aliuliza kwa nini hawakumwambia, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia pale pale. Basi kaka akija, na aende akamswalie baba yake kaburini. Hata akiwa huko huko Maskati anaweza kumswalia ghaibu, yaani maiti hayupo mbele yake, kama Mtume alivyomswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina.

Ama kukesha, haikuwekwa ibada maalumu ya usiku wa maiti, yenye idadi ya nyuradi au zamu za kusoma. Anayedhani baba yake amepungukiwa kwa kuwa hakukeshewa, aondoe dhana hiyo. Lakini kukaa naye kwa kumlinda na kumuombea ni katika kumheshimu, na mtoto halaumiwi kwa kutotaka kumwacha baba yake chumbani peke yake. Sahaba Abu Salama alipofariki, Mtume aliingia, akamfumba macho. Watu wa nyumba wakapiga kelele. Akawaambia wasijiombee ila kheri, kwa sababu Malaika huitikia amin kwa wanayoyasema. Hiyo ndiyo adabu ya chumba kile. Dua moja ya kumtakia maghufira ina maana kuliko usiku mzima wa kahawa na soga, na hilo la soga ndilo ninalolichukia zaidi katika misiba yetu.

Kuhusu Yaasin, Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Maaqil bin Yasaar, kwamba isomwe kwa wafu, imedhoofishwa na maimamu kadhaa, akiwemo Nawawi. Ibn Hibban aliikubali, lakini akasema makusudio ni mtu aliye katika sakarati, yaani anayekata roho. Baada ya roho kutoka wanazuoni wamehitilafiana. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wanachukia isomwe karibu na maiti kabla hajaoshwa. Kwa hiyo ami asiwaite kina mama watu wa bid'a mbele ya maiti, na waliosoma wasimwone asiyesoma kuwa hana mapenzi.

Shangazi kitendo chake kina asili, sababu aliyoitaja haina. Mafaqihi, wanazuoni wa sheria, wametaja kuweka kitu kizito tumboni, kama kipande cha chuma, ili tumbo lisivimbe. Pamoja na hilo: macho yafumbwe, taya zifungwe kwa kitambaa kipana kinachopita juu ya kichwa, viungo vikunjwe na kunyooshwa mwili ungali na joto ili waoshaji wasipate taabu, avuliwe nguo alizofia, afunikwe shuka nyepesi. Shetani hana tena kazi kwake. Amali yake ya kufanya kwa mkono wake imekatika.

Hamkuniuliza kuhusu madeni, nami nayataja. Mtume amesema roho ya muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Wakati mmoja anakaa na maiti, mwingine afungue daftari la mzee na kuwauliza jirani na wenye maduka. Aliletwa maiti mwenye deni, Mtume akawaambia watu wamswalie wenyewe. Sahaba Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake, ndipo Mtume akamswalia. Mpigieni kaka leo. Kama mzee aliacha deni, neno hilo la Abu Qatada anaweza kulisema kwa simu.

Wallahu aalam.