Bodi Ikigoma Kushika, Usikimbilie Kuongeza Moto

Fundi akiona waya wa kulehemu haushiki kwenye bodi ya saketi za umeme, kitu cha kwanza anachofanya ni kupandisha moto. Pasi ya kulehemu inatoka nyuzi joto 330 inakwenda 400, pedi (kijisehemu cha shaba kinachoshikwa na lehemu) inababuka kwenye bodi, kazi inaishia jalalani. Sisi pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tunaunganisha bodi ndogondogo za pampu za maji na chaja za sola, na bodi za namna hiyo zinazoletwa kwetu "mtuangalizie" ni nyingi. Mara nyingi pasi haina kosa lolote. Shida iko kwenye mpako uliowekwa juu ya shaba kiwandani, au namna bodi zilivyotunzwa kabla hazijafika mezani.

Shaba tupu ikikaa hewani inaota oksidi, utando kama kutu, na juu ya oksidi lehemu haikai. Ndiyo maana kiwanda hupaka kitu juu ya pedi. Ukiagiza bodi China, fomu inakuuliza unataka mpako gani: HASL, OSP au ENIG? Wengi wetu tunatazama bei tu, tunabonyeza, tunaendelea.

OSP ndiyo inayowatesa watu wa Dar kuliko zote. Ni utando wa kemikali usioonekana, unene wake ni sehemu ndogo tu ya maikromita moja, kwa hiyo bodi inakuja na rangi ya shaba mpya inayovutia macho. Kwenye karakana yenye kiyoyozi na mashine za kupanga vipuri, bodi inayoingia na kutoka siku hiyohiyo, haina neno. Lakini utando huo hauvumilii jasho la vidole, hauvumilii kufutwa kwa spiriti, na kila ukiupitisha kwenye oveni ya kuyeyushia lehemu unazidi kudhoofika. Sasa chukua bodi ya pande mbili wakati wa masika. Upande wa kwanza unatoka safi. Upande wa pili unasema utaumalizia keshokutwa, mfuko umeachwa wazi mezani, dirisha liko wazi, upepo wa bahari unaingia. Ukirudi, lehemu inajiviringisha kama maji juu ya jani la gimbi, na pedi zimeshageuka kahawia iliyofifia. Flaksi, dawa ya kuondoa oksidi ili lehemu ishike, ikiwa na nguvu zaidi kidogo inaweza kuokoa baadhi. Nyingine ndiyo basi tena.

Kwa hiyo, kama unalehemu kwa mkono, au huna uhakika bodi zitakaa stoo muda gani, agiza HASL. Hii ni bodi iliyochovywa kwenye lehemu ya moto iliyoyeyuka, halafu ziada ikapeperushwa kwa hewa. Pedi tayari zina lehemu juu yake, zinavumilia kukaa, zinavumilia hata kurudiwa. Ile yenye risasi (madini ya ledi) inayeyuka karibu na nyuzi 183 na ni rahisi mno kwa mkono. Isiyo na risasi inadai zaidi ya 217. Kama mteja wako anapeleka kifaa Ulaya, risasi imebanwa na sheria kule tangu Julai 2006, muulize mapema. Ubaya wa HASL ni mabonde na vilima: chipu yenye miguu iliyoachana nusu milimita haitulii vizuri juu yake.

Kwa chipu za namna hiyo nachagua ENIG, nikeli yenye dhahabu nyembamba juu. Iko bapa, inakaa muda mrefu, na bei yake inauma. Ila ina ugonjwa wake. Tuliwahi kuletewa vifaa vya kufuatilia bajaji, viungo vya lehemu vinang'aa, ukipima umeme unapita. Baada ya kutikiswa na barabara za mitaani, soketi zikawa zinang'oka zenyewe. Ukitazama kwa lenzi pale soketi ilipotoka, lehemu yote imeondoka na mguu, pedi imebaki bapa, rangi ya kijivu inayokwenda kwenye weusi. Dhahabu huyeyukia ndani ya lehemu, kiungo chenyewe kinashikana na nikeli. Kama dawa ya dhahabu kiwandani iliila nikeli kupita kiasi, kinachobaki juu ni tabaka lenye fosforasi nyingi, na kiungo kinakuwa cha kukatika. Hapo hakuna moto wala flaksi itakayosaidia. Piga picha, weka bodi kadhaa za ushahidi, mdai muuzaji.

Mzigo mpya ukifika, usiupange wote kazini. Toa bodi moja, paka flaksi, gusa pedi chache kwa pasi na waya. Lehemu ikitambaa hadi pembezoni, endelea. Ikikusanyika katikati, simamisha. Zilizobaki zirudishe kwenye mfuko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ubane. Mashine za kubania mifuko Kariakoo zimejaa. Na shika bodi kwa kingo.

Wanaotumia lehemu ya uji, ile laini ya kopo inayopakwa kwenye pedi kabla ya oveni, kwa nyingi friji ni lazima, lakini isiwe ile ya soda inayofunguliwa kutwa nzima. Kopo likitoka kwenye baridi liache limefungwa kwa muda wa saa nne hivi lizoee joto la chumba. Ukilifungua mapema, kwa hewa ya Dar, unyevu unageuka maji juu ya uji palepale. Ukiingiza kwenye oveni maji yanachemka, lehemu inarukaruka, na kesho unahangaika kutafuta vipira vidogo vya bati chini ya chipu huku mteja amesimama mlangoni.

Halafu kuna ile flaksi ya pasta yenye tindikali ya mafundi bomba na mabati. Kweli inashika, hata kwenye pedi iliyochakaa, ndiyo maana watu wanaishauri. Mabaki yake hayaishi kula shaba, na kwa unyevu wetu huu njia nyembamba za bodi zinakatika mteja akiwa ameshakulipa. Tumia flaksi ya ulimbo, ile inayouzwa kwa mafundi simu.