Tela la fifti wili linakurusha? Pima upepo kabla hujafungua pochi

Wakuu, kabla hujaenda kununua chochote naomba ujibu swali moja tu, tela lako la fifti wili, lile linalofungwa ndani ya bodi ya pikapu, linakusumbua VIPI? Maana kila mtu anasema "linarusha" lakini ukimkalisha mkaongea vizuri unakuta wanaongelea vitu vitatu tofauti kabisa. Kuna ule mshtuko wa mbele nyuma, unakuwa kama kuna mtu kakaa siti ya nyuma anakusukuma halafu anakuvuta shati. Kuna ule wa juu chini, pua ya pikapu inapanda inashuka hata barabara inapoonekana iko poa. Halafu kuna ule ambao wewe dereva huusikii kabisa, unafika unafungua mlango wa tela unakuta makabati yako wazi, sahani ziko chini na skrubu zimejitoa zenyewe. Dawa ya mmoja haitibu mwingine, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Mimi navuta tela la kuishi ndani, yale marefu ambayo kichwa chake kinalalia juu ya bodi ya pikapu, na ushauri wangu kwa yeyote anayeniuliza ni kuanza na upepo wa tairi. Najua sio jibu ambalo mtu anataka kusikia, wengi wanataka uwatajie kifaa. Lakini tairi ndio springi ya kwanza ya gari. Pikapu nyingi kubwa tairi zake zinafika mpaka 80 PSI, sasa mtu anajaza zote nne kufika mwisho, mbele na nyuma, eti kwa sababu anavuta mzigo, wakati mbele mzigo haujaongezeka kihivyo. Angalia kibandiko cha mlangoni, angalia na jedwali la mzigo la hiyo tairi, weka kinachotakiwa kwa uzito ulionao. Na ukilishusha tela ukawa unatembea na pikapu tupu kwa muda mrefu, usiache nyuma na upepo wa kuvutia tela, utajikuta unatukana shokapu bure.

Upande wa tela ni kinyume chake, huko USIPUNGUZE upepo ili lilainike. Tairi za tela zinabeba karibu na mwisho wa uwezo wake, ukipunguza zinachemka na zinapasuka, na tairi ikipasuka huko nyuma inachana mpaka sakafu. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi zikiwa baridi, na geji unayoiamini.

Cha pili ni uzito, na hapa hakuna cha kukadiria kwa macho, nenda mizani. Pima pikapu peke yake, halafu pima tena tela likiwa limefungwa, uzito ulioongezeka kwenye ekseli za pikapu ndio uzito unaokaa kwenye kingipini, ile pini nene ya chuma chini ya pua ya tela. Kwa matela haya huwa unacheza kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa tela zima likiwa limepakiwa, yaani tela la kilo 6,000 linaweza kukuwekea kilo 1,200 mgongoni na hiyo ni kawaida. Uzito huo ukiwa mdogo sana pua ya tela inakuwa nyepesi inarukaruka, ukizidi springi za pikapu zinalala mpaka zinagonga mpira wa mwisho na hapo kila shimo unalisikia kwenye uti wa mgongo. Watu wanasahau maji pia, lita 200 ni kilo 200, na tenki lililojaa nusu linachezacheza kila ukishika breki, kwa hiyo mimi ni ama limejaa ama limemwagwa. Na angalia tela limekaa sawa, limelala usawa au limeinua pua, maana likiinua pua mzigo unahamia ekseli ya nyuma. Ila ukilishusha mbele hakikisha kati ya kingo za bodi na tumbo la tela panabaki sentimita 15 hivi, la sivyo kwenye tuta utasikia chuma kwa chuma.

Sasa ule wa mbele nyuma. Mara nyingi chanzo chake ni uwazi kati ya kingipini na zile taya za fifti wili zinazoibana. Kingipini ni inchi 2, taya zikilika kidogo tu unapata mchezo, na kila ukiachia mafuta au ukishika breki tela linakuja linagonga. Weka vizuizi kwenye matairi ya tela, mtu asogeze pikapu taratibu mbele na nyuma huku breki za tela zimeshikwa, wewe simama pembeni uangalie, mikono mbali. Kama taya zina pa kurekebisha, rekebisha, kama zimeisha badilisha. Kagua na bolti zinazoshika fifti wili yenyewe, kile kifungio cha kwenye bodi, kwenye chasisi ya pikapu, zikilegea dalili ni hiyo hiyo. Pia jaribu kontrola ya breki, kile kifaa cha kebini kinachoamuru breki za tela, tela ambalo halijishikii breki lenyewe linakusukuma kila ukipunguza mwendo. Kwa spidi kama kilomita 40 kwa saa, sehemu tambarare, bonyeza breki ya tela peke yake, unatakiwa usikie linakuvuta vizuri bila matairi kujifunga.

Hayo yote yakiwa sawa na bado unasukumwa ndio ufikirie kubadilisha lile boksi la chuma la kwenye tela linaloshika kingipini. Ya mpira yanasaidia zaidi mshtuko wa mbele nyuma, ya baluni la upepo yanasaidia zaidi juu chini, ndio maana nimekuuliza mwanzo linakurusha vipi. Hakikisha linabeba uzito wako wa pini, na kama pikapu yako ina bodi fupi hakikisha kona ya tela haitagusa kebini ukikata sana.

Kwa wanaokuta sahani chini, ingia uvunguni mwa tela. Matela mengi yana bushi za plastiki kwenye springi, zinalika haraka sana halafu bolti inaanza kutafuna chuma na matundu yanakuwa na umbo la yai. Badilisha weka za bronzi na bolti zenye nipeli ya kupigia grisi, na ukipiga grisi inua tela kwanza ili mzigo utoke, vinginevyo grisi haiingii upande unaohitaji. Mengi pia hayana shokapu kabisa toka kiwandani! Kuziongeza ni kazi ya maana kuliko mapambo mengi ninayoyaona watu wanafunga.

Kuhusu mabaluni ya upepo ya kuongeza nyuma ya pikapu, yananyanyua gari likae sawa, sawa, lakini ukiyajaza sana yanakuwa magumu kuliko springi zenyewe, weka upepo wa kutosha kunyanyua tu basi.

Na kuna barabara za zege zenye maungio ya umbali ule ule, ta-ta-ta-ta mpaka gari zima linaanza kupiga mbizi. Hapo usimwite fundi, punguza kilomita 8 au 10 kwa saa uone, mara nyingi linatulia lenyewe kwa sababu mdundo wa barabara na mdundo wa springi vinakuwa havikutani tena.