Mshipa wa mguuni ukihamishiwa kwenye moyo

Mkuu, umeuliza kama mshipa watakaoutoa mguuni kwa mzee wako JKCI, ile taasisi ya moyo ya Dar, utadumu, maana jirani yenu pale Mwanga alifanyiwa baipasi, yaani kuchomekewa mshipa wa kupitisha damu kando ya ule ulioziba kwenye moyo, na wake ukaziba. Nimefanya kazi thieta, yaani chumba cha upasuaji, ya moyo kabla sijarudi Kigoma, ngoja nikuambie.

Ndani ya kila mshipa kuna utando wenye unene wa seli moja tu, mwororo kuliko ngozi ya ndani ya ganda la yai. Wataalamu wanauita endotheliamu. Unatoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Mtafiti Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba utando huo ukikwanguliwa, mshipa unagoma kulegea. 1998 akapata Nobel na wenzake wawili.

Sasa, mshipa ukishatolewa mguuni, mtu huchomeka bomba la sindano mwishoni na kusukuma maji aone panapovuja. Kidole gumba kikikaza kupita kiasi, mshipa unatuna na seli zinabanduka. Nimeshuhudia madaktari wakali sana kwenye jambo hili, na wana haki. Maji yenyewe nayo yana neno: dripu ya kawaida ya chumvi ina pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu unazidi) karibu 5.5, damu ni 7.4. Mshipa ukilowekwa humo huku kifua bado kinafunguliwa, utando unaumia. Ndiyo maana wengine wanauweka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe iliyotiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, au maji yaliyosawazishwa pH. Kule Örebro, Sweden, daktari Domingos Souza na wenzake walianza kuutoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kuutunisha. Unadumu zaidi, ila kidonda cha mguu kinasumbua.

Mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi yao wakati wa upasuaji, nayo inauchokoza utando mwili mzima, lakini moyo ukisimamishwa hakuna namna.

Muulize daktari kama watatumia pia ateri ya kifuani, yaani mshipa wa damu wa ndani ya kifua. Hiyo utando wake ni imara: baada ya miaka 10 takriban 9 kati ya 10 huwa bado wazi, za mguuni karibu nusu. Na muulize mshipa watauhifadhi kwenye nini. Si utovu wa adabu hata kidogo.

Kama mzee bado anavuta sigara, aache leo. Akiandikiwa aspirini na statini (dawa ya kushusha kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) asizikatishe bila daktari. Aspirini hata Ujiji ipo. Statini mnunulie ya kutosha huko huko Dar kabla hamjapanda treni.