Moyo Unapodunda Saa Tisa Usiku: Barua kwa Mwanangu

Nakuru, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Ile sauti uliyonitumia kutoka Kisumu Jumapili usiku nimeisikiliza na kuirudia. Unasema saa tisa usiku unashtuka moyo unadunda, halafu unakaa macho makavu ukiwapitia wateja ambao hawajalipa mikopo, mmoja mmoja, hadi jogoo wa jirani anawika. Ukaniuliza mambo mawili. Kwanza, mimi niliwezaje miaka yote ile, zamu za usiku hospitalini na nyumba imejaa watoto, bila kuchanganyikiwa. Pili, haya mazoezi ya kutulia ambayo mwenzako wa ofisini huyafuata kwenye simu, je, yanamfaa Mkristo? Maana kuna dada wa ushirika amekuambia ni kuwafungulia pepo mlango.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikupigia utasema "sawa mama" na mambo yaishie hapo.

Kabla ya yote, nenda ukapimwe. Moyo kudunda usiku huletwa na mawazo, ndiyo, lakini pia huletwa na upungufu wa damu, au tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi. Na wewe hedhi yako ni nzito tangu ukiwa sekondari. Waambie wapime presha, wekundu wa damu na hiyo tezi. Majibu yakiwa mazuri ndipo tutajua tunashughulika na mawazo peke yake.

Sasa nikujibu. Nilichokijua kuhusu kutulia nilifundishwa na wodi ya wazazi. Mama yuko kwenye uchungu, njia bado haijafunguka, amekaza meno, mabega yamepanda karibu na masikio, anapumua juu juu. Kila anayepita anamwambia, "Tulia, mama, tulia." Sikuwahi kuona hata mmoja aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Mimi nilikuwa nakaa kando ya kitanda, namshika mkono, kisha naanza kupumua mwenyewe kwa sauti, nikivuta kwa pua na kutoa kwa mdomo taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Simwambii kitu. Baada ya pumzi chache anaanza kunifuata bila yeye kujua. Mabega yanashuka, meno yanaachana. Hapo ndipo anaweza kusikia maneno. Akili haitii amri, mwanangu. Mwili ukitangulia, akili inafuata, na hilo ndilo nililolitegemea wodini, ndilo nililolitegemea hata nyumbani mkiwa wadogo.

Jaribu sasa hivi ukiwa unasoma. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba, mpaka uusikie mshipa. Ukivuta pumzi, mapigo yanaharakisha kidogo. Ukitoa polepole, yanalegea. Kuna neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni, ikaingia kifuani na tumboni. Wataalamu huiita vegasi, na mojawapo ya kazi zake ni kuupunguza moyo mwendo. Unapotoa pumzi ndipo inaposhika zaidi. Ndiyo maana pumzi inayotoka inafaa iwe ndefu kuliko inayoingia.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Wewe shuka hadi karibu 6. Hesabu nne ukivuta, sita ukitoa, tumbo ndilo liinuke, kifua kikae kimya. Usijaze hewa kwa nguvu. Ukisikia kizunguzungu, unavuta nyingi mno, punguza. Dakika tano zinatosha. Na ukishtuka usiku usilale pale ukipigana na usingizi. Ukiona muda umepita na hujalala, toka kitandani, keti kwenye kiti, taa iwe hafifu, fanya pumzi hizo, urudi kitandani macho yakianza kuwa mazito. Saa usiitazame. Ukijua ni saa tisa na nusu utaanza kupiga hesabu ya usingizi uliobaki, na hesabu hiyo yenyewe itakunyima usingizi.

Kuhusu yule dada wa ushirika, najua anakupenda, na hofu yake siidharau. Mazoezi ya kuweka akili mahali pamoja yametoka kwa Wabudha, hilo ni kweli. Mwaka 1979 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, aliyachukua akayapeleka hospitalini Massachusetts, akayaondolea mambo ya dini, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Kutoka hapo yameingia hospitali nyingi duniani. Wewe huombi kitu chochote unapohesabu pumzi. Unaangalia hewa ambayo Mungu mwenyewe alikupulizia. Na Isaka katika kitabu cha Mwanzo alikuwa ametoka kondeni jioni kutafakari, ndipo akainua macho akaona ngamia wa Rebeka wanakuja. Ukitaka, kila pumzi inayotoka iambatanishe na neno moja la sala. Mimi hufanya hivyo. Usipotaka, acha, pumzi itafanya kazi yake vilevile.

Hiyo programu ya simu ya mwenzako, ya kulipia kila mwezi, usiinunue. Pesa hiyo nunulia matunda.

Badala yake nakupa sukuma wiki. Najua siku hizi mama mboga anakukatia, unabeba kwenye mfuko, unafika unatupia tu kwenye sufuria. Mara moja moja beba majani mazima ukate mwenyewe. Osha, ng'oa uti, panga majani moja juu ya jingine, yakunje yawe msokoto uliokaza, shika kwa mkono wa kushoto, kisu kwa wa kulia. Kata nyembamba kabisa, zile nyuzi alizokuwa akikata bibi yako. Simu iwe chumba kingine, redio imezimwa. Sikiliza kisu kinavyopita. Nusa ile harufu mbichi. Kabla hujafika katikati ya msokoto, akili itakuwa imetoka imekwenda kwa mteja wa mtaa wa Nyalenda aliyezima simu. Ukigundua imekwenda, irudishe kwenye kisu bila kujigombeza. Itatoka tena, irudishe tena. Usidhani umeshindwa kwa sababu imetoka mara kumi. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, na kila unapolifanya jikoni inakuwa rahisi kidogo kulifanya saa tisa usiku.

Si lazima iwe sukuma. Yaweza kuwa kufua leso, kusugua sufuria ya ugali, kujipaka mafuta miguu baada ya kuoga. Kazi yoyote ya mikono ambayo ungeifanya vyovyote vile. Sikutafutii muda mpya katika siku yako kwa sababu najua huna.

Kutembea nako ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukitoka Migosi ukapitia Kibuye hadi mjini kwa miguu asubuhi, badala ya kupanda boda, siku chache tu kwa wiki umezifikisha. Na mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba mchana umeanza, ili jioni nayo ijue wakati wa kulegea. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumebarikiwa, jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Mimi nikitoka zamu ya usiku nilikuwa naziacha matatu zipite, nashuka kwa miguu hadi nyumbani Section 58, mlima Menengai nyuma yangu na Ziwa Nakuru mbele. Wakati huo maji ya ziwa hayajapanda namna hii na ukingo ulikuwa wa waridi kwa wingi wa heroe. Nilikuwa najilazimisha kuangalia mbali kule hadi nifike. Mgonjwa niliyempoteza usiku nilikuwa namlilia njiani, na nikifika mlangoni naweza kuwapikia chai.

Chai. Unakunywa nyingi mno, tena jioni. Kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja, ikifika saa nne usiku karibu nusu yake bado iko mwilini. Baada ya saa nane mchana kunywa maji, au chemsha tangawizi bila majani. Na ule chakula cha mchana, si mandazi ukiwa umesimama.

Sasa nije kwenye lile linalonichoma. Unasema meneja anabandika orodha ya wasiolipa kwenye kikundi cha WhatsApp saa tatu usiku, majina kwa rangi nyekundu, na kila mtu anatakiwa ajibu. Mwanangu, hakuna mteja atakayelipa usiku huo kwa sababu wewe umeisoma orodha. Umeipeleka kitandani tu. Simu ilale jikoni kuanzia saa mbili na nusu. Saa ya kengele utaipata Kibuye kwa bei ndogo. Na mapema jioni, kabla hujala, chukua daftari uandike kwa mkono mambo ya kesho: nani wa kumpigia, nani wa kumtembelea, kisha ulifunge. Mawazo yaliyoandikwa hayana haja ya kukuamsha ili uyakumbuke. Kwa meneja ongea mchana, kwa adabu, mwambie utaijibu orodha saa mbili asubuhi ukiwa kazini. Akikataa, nijulishe, tufikirie pamoja.

Hata hivyo hakuna pumzi ya kumtosha mtu aliyebebeshwa mizigo ya watu watano. Wewe ndiye kifungua mimba, ndiye wa kwanza kupata mshahara, na nimeona jinsi kila jambo la ukoo linavyokimbilia kwenye simu yako: karo, dawa, mchango wa harusi, mchango wa matanga. Unaogopa kusema huna kwa sababu watasema umeenda Kisumu ukatusahau. Basi nakuambia mimi niliyekuzaa: karo ya mtoto wa mjomba wako muhula huu si yako. Jumamosi nitaongea naye mwenyewe, wewe usimpigie. Na ile elfu tatu unayonitumia kila mwezi, nitumie moja mpaka Desemba. Pensheni inaingia na kuku wanataga vizuri. Usibishane nami katika hili. Nataka uwe na pesa zako kidogo, na Jumapili mchana moja kwa mwezi uende ufuoni Dunga na rafiki mmoja, si kikundi, mle samaki mkiangalia mafunjo na ziwa, na mtu yeyote asijue uko wapi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho lazima nikiseme wazi kwa sababu nimekiona kazini. Ikiwa huzuni au kutojali kitu chochote kutakaa nawe siku nyingi kwa muda wa wiki mbili, ukawa hufurahii hata vile vitu unavyovipenda, chakula hakipiti, au ukaanza kuona heri usingekuwepo, hapo tumetoka kwenye mambo ya sukuma na pumzi. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Nenda hospitali kuu ya Jaramogi, ile mnayoiita Russia, uulize kitengo cha afya ya akili. Msalaba Mwekundu nao wana namba ya bure, 1199, yenye washauri. Nipigie hata kama ni usiku wa manane, nitapanda gari la kwanza kuja. Usimwogope dada wa ushirika, wala shangazi, wala mtu mwingine yeyote atakayesema ni kukosa imani. Mtu hupelekwa hospitali akivunjika mguu na hakuna anayemuuliza imani yake iko wapi.

Wiki hii usijaribu yote. Kapimwe, simu ilale jikoni, na zile pumzi ukiamka usiku. Mengine utayaongeza taratibu. Jumapili baada ya ibada nipigie uniambie wamesema nini kuhusu damu, na usome namba zenyewe kwenye karatasi, usiniambie tu ziko sawa.

Baba yako anakusalimu sana. Anauliza kama ukija Krismasi utambebea omena, zile ndogo zilizokaushwa vizuri, maana anasema za hapa sokoni zina mchanga.

Mama yako