Usomaji Kabla ya Penseli: Kwa Wanaoanza Kuchora Vitabu vya Picha vya Watoto

Vijana wengi wanaonijia wakitaka kuingia katika kazi ya kuchora vitabu vya picha vya watoto huja na mikono iliyokwisha kufuzu: wanajua mwanga na kivuli, wanajua kuchanganya rangi, na watu wanaowachora wanaonekana ni watu kweli. Kinachowakwamisha katika kitabu cha kwanza ni usomaji. Hupokea mswada asubuhi na jioni wameshaanza kupaka rangi ukurasa wa kwanza, ilhali bado hawajui hadithi inageukia wapi, ni nani anayeijua siri na nani asiyeijua, na mtoto atakayekifungua kitabu hicho atakuwa anasubiri nini. Mimi huwaomba waweke penseli pembeni, wausome mswada kimya, kisha wausome kwa sauti, kisha wamsomee mtu mwingine huku wakimtazama usoni ili waone ni wapi anatabasamu na ni wapi anaanza kuchoka.

Kitabu cha picha husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mtu mzima hufuata maneno. Mtoto wa miaka minne au mitano, ambaye bado hajajua kusoma, husikiliza huku macho yake yakizunguka kila pembe ya picha, na mara nyingi huwa hajamaliza kutazama pale mtu mzima anapotaka kufunua. Basi picha ikirudia tu yale yaliyosemwa, mtoto huyo ameambiwa jambo moja mara mbili. Chukua sentensi hii: “Mama akamtuma Zuhura dukani.” Mchoraji asiyesoma humchora mama ananyoosha kidole na Zuhura ameshika kikapu, na kazi imekwisha. Aliyesoma mswada mzima na kujua kwamba pesa itapotea njiani huona mengi zaidi: sarafu imefungwa kwenye fundo la kanga ya Zuhura, fundo lenyewe limelegea kidogo, na mdogo wake wa kiume yuko nyuma ya mlango akichungulia, tayari kumfuata bila kuonwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa, na ndiyo sababu yamfaa mtoto kuyagundua mwenyewe.

Ukifika hapo utaanza pia kuona maneno ambayo picha imeyafanya yasihitajike. Mswada ukieleza rangi ya gauni, umbo la mti na sura ya mbwa, mwambie mhariri kwa heshima kwamba hayo utayabeba wewe, naye atazungumza na mwandishi. Pita kwa mhariri kila mara. Mchoraji na mwandishi wakianza kupatana wenyewe kwa wenyewe, mwishowe mhariri hujikuta na matoleo mawili ya hadithi moja.

Hatua inayofuata ni kugawa kurasa, na hapa naomba ukae muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Kitabu kinachofungwa kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, ndiyo maana vitabu vyetu vingi huwa na kurasa 16, 24 au 32. Chukua karatasi sita za A4, zikunje katikati pamoja, na tayari una kijitabu cha mfano chenye kurasa 24. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 ni wa taarifa za mchapishaji na hakimiliki, kwa hiyo hadithi inaanzia ukurasa wa 3. Hapo unabaki na ukurasa mmoja wa kuanzia, jozi kumi za kurasa zinazotazamana, na ukurasa mmoja wa kumalizia. Chora ndani yake kwa penseli, vipicha vidogo visivyo na madoido, na ubandike maneno yaliyokatwa kutoka kwenye nakala ya mswada. Kijitabu hicho kibaya kitakufundisha mambo ambayo skrini ya kompyuta haiwezi kukufundisha, kwa sababu utakifunua kwa mkono.

Kufunua ndiyo silaha kubwa ya kitabu cha picha. Kurasa za namba witiri hukaa kulia, na mtoto akifika mwisho wa ukurasa wa kulia hana budi kufunua ili ajue kinachofuata. Kwa hiyo swali likae kulia na jibu lisubiri upande wa pili wa karatasi. Katika hadithi yetu, Zuhura anafika dukani ukurasa wa 13, anashika fundo la kanga, fundo liko wazi na sarafu haipo. Mtoto anafunua, na kwenye ukurasa wa 14 yule mdogo wake ametokeza, mkono juu, ameishika sarafu. Kama ukurasa wa 8 ulionyesha sarafu ikianguka vumbini na kijana yule akiinama nyuma ya mwembe, msikilizaji wako amekuwa akiishika siri hiyo kwa kurasa kadhaa, na furaha yake pale dukani haitafutwi kwa maneno. Lakini ukiuweka upotevu na upatikanaji kwenye jozi moja ya kurasa, jicho litaona vyote viwili kwa pamoja na hadithi itakuwa imekufa kabla haijasomwa. Angalia pia katikati ya jozi, pale kurasa zinapokutana: uso wa mhusika usiangukie kwenye mkunjo, kwa maana kitabu kikifungwa kwa pini utamezwa.

Baada ya hapo tengeneza karatasi ya kila mhusika: mbele, ubavuni, mgongoni, akiwa na furaha, akiwa na hofu, na urefu wake ukilinganishwa na wengine. Nguo zinahitaji karatasi yake. Kanga ya Zuhura ina pindo kuzunguka kingo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Amua pindo lina maua au nukta, amua mji ni embe au kuku, kisha usibadilishe. Kuhusu jina, ama ulifiche ndani ya mikunjo ya nguo, ama uandike maneno yanayomfaa mtoto, kwa sababu bibi atakayekuwa anamsomea mjukuu wake atayasoma. Watoto hawasamehe kanga iliyobadilika rangi kati ya nyumbani na dukani. Watauliza amebadilisha nguo saa ngapi, na wana haki ya kuuliza.

Mazingira nayo yanataka utafiti wa kweli. Hadithi ikiwa ya Pwani, paa la makuti lina namna yake ya kuezekwa na kuning'inia, nenda ukalitazame. Daladala ya Tanzania mlango wake wa abiria uko kushoto, kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto wa barabara, na mchoraji anayeigeuza picha kwenye programu ili mhusika atazame upande mwingine huuhamishia mlango huo upande wa hatari bila kujua. Wanyama ndio huharibiwa zaidi. Duma ana madoa meusi yaliyojaa na mistari miwili inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Madoa ya chui yamekaa kama mafungu yenye uwazi katikati, na mistari hiyo ya usoni hana. Nimeona vitabu kadhaa vya shule ambavyo jina ni chui na mchoro ni duma, na huwa nasikitika kwa kuwa mtoto wa mjini huenda asipate nafasi nyingine ya kusahihishwa.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Rangi za maji, penseli za rangi na tableti vyote vinafaa, mradi faili la mwisho liwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa kuchapwa, na mchoro upite mstari wa kukatia kwa angalau milimita 3 kila upande. Wanaotoka kwenye uchoraji wa Tingatinga wanahitaji neno la ziada. Mtindo huo, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, umetulea wengi, lakini rangi yake ya mafuta inang'aa na huakisi mwanga inapopigwa picha, na desturi ya kuujaza ubao mzima haiachi mahali pa maneno. Panga nafasi ya maneno tangu kwenye penseli, na iwe kubwa kuliko unavyohitaji leo, kwa kuwa kitabu kikitafsiriwa sentensi zinaweza kurefuka.

Jambo la uchapaji linaloniuma zaidi ni rangi ya ngozi za watu wetu. Karatasi ya bei nafuu, isiyong'arishwa, hunywa wino na kuutawanya, hivyo picha hutoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwenye skrini. Ngozi iliyotiwa giza kwa wino mweusi hupoteza macho, pua na tabasamu, na mtoto anabaki akitazama kivuli. Jenga weusi na wekundu wa ngozi kwa nyekundu, njano na buluu, wino mweusi uutumie kwa uchache sana, ongeza mwanga kwenye paji la uso na mashavuni, kisha umwombe mchapishaji nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Kabla ya kupaka rangi, wapelekee watoto kijitabu cha penseli bila maneno na uwaulize wanaona nini. Usiwafafanulie. Wasipomwona kijana nyuma ya mwembe, mchoro una kasoro.

Mkataba nao usomwe kwa makini uleule uliousoma mswada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda maishani mwako na miaka 50 baada ya kifo chako, lakini unaweza kuuachia ulinzi huo kwa sahihi moja. Uliza hakimiliki inabaki kwa nani, malipo ni ya mara moja au kuna mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo ya kitabu, matoleo ya kielektroniki na tafsiri yamo au hayamo, michoro halisi itarudishwa kwako, na marekebisho mangapi yamejumuishwa katika bei. Ukiombwa kuchora kwa leseni huria, kama inavyofanyika kwenye African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, elewa kwamba mtu mwingine anaweza kumchukua Zuhura wako na kumweka katika hadithi nyingine. Mimi naona ni jambo jema kwa watoto wasio na vitabu, ila uamuzi huo uufanye kwa kujua.

Unapokwenda kuomba kazi, usipeleke picha ishirini nzuri zisizohusiana. Peleka jozi tatu za kurasa zinazofuatana, zenye mtoto yuleyule akiwa amekaa, akikimbia na akilia, zikiwa na nafasi ya maneno, pamoja na kijitabu chako cha penseli. Mhariri atakifunua hicho kwanza.